Nani Amesema? Taaluma ya Kiswahili na Malezi ya Msomaji Kijana wa Tovuti



1.0 Utangulizi

Awali ya yote napenda kutoa shukurani zangu za dhati kwa idara kwa kunipa heshima ya kusimama mbele yenu. Kwa desturi, mihadhara ya aina hii hushughulikia mambo ambayo sisi watu wa lugha tumeyazoea: mofolojia, lahaja, ushairi, historia ya usanifishaji. Mada niliyoichagua leo huenda ikadhaniwa kuwa ni ya wakutubi na walimu wa kompyuta. Nataka kuzungumzia jinsi tunavyoweza kumsaidia kijana wa sekondari kupima kama tovuti aliyoifungua kwa ajili ya kazi ya shule inafaa kuaminiwa.

Nitatetea hoja tatu. Kwanza, vipimo ambavyo kwa kawaida tunawapa vijana, vya kutazama sura ya ukurasa na kiambishi cha anwani yake, havitoshi, na mara nyingine hupotosha. Pili, swali la msingi ni lile la asili ya kauli: nani amesema, amepata wapi, na ni nani mwingine asiyemtegemea huyo anayesema vivyo hivyo. Tatu, na hii ndiyo sababu ya kuileta mada hii katika jukwaa la Kiswahili, taaluma yetu inazo nyenzo za kuuliza maswali hayo, tena nyenzo ambazo mwalimu wa Kiswahili anazifahamu tayari.

2.0 Mfano: asilimia 44

Tuanze na mfano ulio karibu nasi. Mada ya asili na chimbuko la Kiswahili imesomeshwa na kutahiniwa kwa miaka mingi katika shule za sekondari. Mwanafunzi aliyepewa insha ya kuthibitisha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu ataandika maneno machache katika Google, na baada ya muda mfupi atakuwa na kurasa kadhaa zenye maelezo yanayofanana. Humo atakutana na jina la Malcolm Guthrie na tarakimu 44. Zipo kurasa zinazoieleza tarakimu hiyo sawasawa. Lakini ni rahisi sana kuisoma, au kuiandika, kana kwamba Guthrie alisema kuwa asilimia 44 ya maneno ya Kiswahili ni ya Kibantu. Mwanafunzi makini atatoa 44 katika 100, atapata 56, na atahitimisha kwamba sehemu kubwa ya Kiswahili ni ya kigeni. Insha iliyokusudiwa kuthibitisha jambo itakuwa imethibitisha kinyume chake.

Je, Guthrie alihesabu nini? Katika kazi yake iitwayo Comparative Bantu, iliyotoka katika majuzuu manne kati ya mwaka 1967 na 1971, alikusanya mizizi inayolingana kutoka lugha nyingi za Kibantu. Alipata seti zipatazo 2,300, na kati ya hizo takriban 500 zilikuwa zimeenea katika eneo zima la Kibantu. Kisha akachukua lugha 28 na kupima ni kiasi gani cha mizizi hiyo iliyoenea kimehifadhiwa katika kila lugha. Kiswahili kilikuwa na asilimia 44, na Kibemba, kilichoongoza, asilimia 54. Kwa hiyo 44 ni sehemu ya mizizi ya Kibantu iliyohifadhiwa katika Kiswahili, wala si sehemu ya Kiswahili iliyo ya Kibantu. Ukivigeuza vitu hivyo viwili, utalazimika kusema pia kwamba karibu nusu ya Kibemba ni maneno ya kigeni, jambo ambalo hakuna mwanaisimu anayelidai.

Hoja ya Ubantu wa Kiswahili, kama tujuavyo, haisimami juu ya tarakimu moja. Inasimama juu ya mfumo wa ngeli na upatanisho, juu ya unyambuaji wa vitenzi, na juu ya mabadiliko ya sauti ambayo Derek Nurse na Thomas Hinnebusch waliyachambua kwa kina katika kitabu chao cha mwaka 1993, wakikiweka Kiswahili katika kundi la Sabaki pamoja na Kipokomo, Kielwana, lugha za Mijikenda na lugha za Komoro. Mwanafunzi anayeishia kwenye tarakimu iliyokatwa kutoka mahali pake hapati hata mojawapo ya hayo.

Huenda mtu akasema: hili ni kosa la mtihani tu, mwalimu atalisahihisha. Mimi siafiki. Anayekosea hapa ni kijana anayejifunza lugha yake ni nini na imetoka wapi. Akitoka shuleni akiamini kwamba lugha anayoisema ni mabaki ya lugha za wengine, imani hiyo ataishi nayo, atawafundisha wadogo zake, na huenda siku moja akaiandika mwenyewe katika tovuti. Ndipo mwanafunzi mwingine ataikuta na kuinukuu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Kwenye mtandao njia hiyo haina mwisho, na wanaoipita wengi wao si waongo hata kidogo. Ni watu wa nia njema walionakili bila kuuliza.

3.0 Udhaifu wa kutazama sura

Yapo maelekezo mengi ya kupima tovuti. Orodha iliyopata kutumika sana ni ile iliyotungwa mwaka 2004 na wakutubi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la California kilichoko Chico. Inamtaka msomaji aangalie upya wa habari, uhusiano wake na mada, mamlaka ya mwandishi, usahihi, na kusudi la ukurasa. Hakuna ubaya katika maswali hayo. Ubaya huja pale msomaji anapoyajibu huku macho yake yakiwa hayajaondoka kwenye ukurasa ule ule. Humwuliza mshtakiwa kama ana hatia, kisha huandika jibu lake kuwa ndiyo hukumu. Ukurasa wenye tarehe ya juzi, jina la mwandishi, sehemu ya kueleza wamiliki wake ni akina nani, na lugha isiyo na makosa ya tahajia utafaulu mtihani huo, hata kama umeandikwa kwa makusudi ya kudanganya.

Ushahidi upo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na kwa miaka mingi baadaye palikuwa na tovuti nchini Marekani iliyobeba jina la Martin Luther King na kuishia na kiambishi cha .org, ambacho walimu wengi waliwaambia wanafunzi wakiamini. Tovuti hiyo iliendeshwa na Stormfront, kundi la wabaguzi wa rangi, na ilikuwa na sehemu zilizowalenga wanafunzi waziwazi. Kiambishi cha .org hakina ulinzi wowote. Mtu yeyote anaweza kukisajili. Hata viambishi vyenye masharti, kama vile .ac.tz cha vyuo vya Tanzania au .go.ke cha serikali ya Kenya, hutuambia mwenye nyumba ni nani tu. Havituambii kama maneno yaliyomo ndani ni ya profesa, au ni zoezi la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza lililopakiwa pamoja na mengine. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Jambo la kutia moyo ni kwamba tunajua wasomaji stadi hufanya nini. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu 45: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wanafunzi 25 wa Stanford, na wahakiki wa ukweli 10, yaani wale ambao kazi yao katika vyombo vya habari ni kuhakikisha usemi kabla haujachapishwa. Katika zoezi mojawapo walipewa tovuti za vyama viwili vya madaktari wa watoto vyenye majina yanayokaribiana. Kimoja ni chama kikuu cha taaluma hiyo nchini Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1930 na chenye wanachama makumi ya maelfu. Kingine ni kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002 kwa sababu za kiitikadi. Wengi wa wanafunzi, na hata baadhi ya wanahistoria, waliusoma ukurasa kutoka juu hadi chini, wakasifu mpangilio wake, na wasitambue tofauti. Wahakiki hawakufanya hivyo. Baada ya muda mfupi sana waliuacha ukurasa, wakafungua madirisha mengine, na kuuliza watu wengine wanasema nini kuhusu chama hicho. Walisoma kidogo zaidi, na walijua mengi zaidi.

Tutambue maana ya matokeo hayo. Usomi peke yake haukuwaokoa wanahistoria, kwani usomaji wa makini uliowapa shahada ulikuwa usomaji wa matini iliyo mbele yao. Mtandao unadai ujuzi mwingine: kujua wakati wa kuacha kusoma na kwenda kuuliza.

4.0 Nyenzo tulizo nazo

4.1 Sarufi ya "inasemekana"

Ujuzi huo wa kutoka nje ya ukurasa unaweza kufundishwa katika somo la Kiswahili, na pa kuanzia ni sarufi. Kila mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kauli za vitenzi. Katika kauli ya kutendwa, mtenda anaweza kutajwa kwa kutumia kiunganishi "na": "Habari hii ilisemwa na mwalimu." Katika kauli ya kutendeka hawezi: hatusemi "inasemekana na mwalimu". Muundo wenyewe unamfuta mtenda. Basi mwandishi anapoandika "inasemekana", "inaaminika" au "inajulikana", sarufi imempa kificho, naye hana haja ya kumtaja yeyote.

Kuna daraja la pili. "Inakadiriwa kuwa wazungumzaji wa Kiswahili ni milioni kadhaa" ni kauli ya kutendwa, ambayo ina nafasi ya mtenda, lakini mwandishi ameiacha wazi. Daraja la tatu ni "wataalamu wanasema": mtenda yupo, yuko katika wingi, lakini hana jina, hana kitabu wala mwaka.

Mwalimu akiwafundisha vijana mambo haya matatu, atakuwa amefundisha mada iliyomo katika muhtasari na, kwa wakati huo huo, amewapa kipimo cha kwanza cha tovuti. Kipimo hicho ni swali la maneno mawili: "Na nani?" Kilipoandikwa "inakadiriwa", wauluze: inakadiriwa na nani? Kilipoandikwa "inasemekana", wakibadili kwanza kuwa "imesemwa", kisha waulize swali lile lile. Ukurasa unaoweza kujibu, kwa jina na kwa mwaka, umempa msomaji mlango wa kutokea kwenda kuhakikisha. Ukurasa usioweza kujibu si lazima uwe wa uongo, lakini haujastahili kunukuliwa.

Tusisahau kwamba lugha yetu ina semi zinazovuta upande mwingine. "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja" ni methali inayoupa uvumi heshima ya ukweli. Kijijini, ambako msemaji anajulikana kwa sura na kwa ukoo, huenda methali hiyo ilikuwa na hekima yake. Kwa msomaji asiyeweza kumwona msemaji ni ushauri wa hatari, na ingefaa ijadiliwe darasani kwa mtazamo huo.

4.2 Kosa la pamoja

Nyenzo ya pili inatoka katika uhakiki wa miswada. Wenzetu wanaohariri tendi za kale zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, zikiwamo zile ambazo J. W. T. Allen aliziorodhesha katika maktaba ya Dar es Salaam mwaka 1970, hukabiliwa na nakala nyingi za utendi mmoja. Nakala tano zinazokubaliana hazihesabiwi kuwa mashahidi watano hadi ijulikane zimetokana na nini. Dalili kuu ni kosa la pamoja. Nakala mbili zikiwa na ubeti uliorukwa mahali pale pale, au neno lililokosewa kwa namna ile ile, basi moja imenakiliwa kutoka kwa nyingine, au zote zimetokana na mama mmoja aliyekwisha kukosea.

Kanuni hiyo inahamia kwenye mtandao bila kubadilishwa. Kurasa za Kiswahili kuhusu mada za shule si nyingi, na zilizopo hunakiliana mno. Kijana anayekuta maelezo yale yale katika kurasa sita huamini kwamba amepata uthibitisho mara sita. Afundishwe kutazama makosa: je, kurasa hizi zina jina lililoandikwa kwa tahajia mbovu ile ile? Je, sentensi inakatika mahali pale pale? Je, zote zinachanganya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ulioichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kuundwa kwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930? Ikiwa ndivyo, hizo si kurasa sita. Ni ukurasa mmoja uliovaa nguo sita, na ushahidi wake ni wa shahidi mmoja.

4.3 Silsila ya wapokezi

Nyenzo ya tatu ni kongwe zaidi. Wanazuoni wa hadithi za Mtume waligawa kila masimulizi sehemu mbili: matini, yaani maneno yenyewe, na sanadi, yaani mlolongo wa watu walioyapokezana. Hawakuridhika na uzuri wa matini. Walimchunguza kila mpokezi: je, alikuwa mkweli? Je, kumbukumbu yake ilikuwa imara? Je, aliishi zama moja na mtu anayedai kumsikia? Pete moja ikikatika, masimulizi yote hudhoofika. Vijana wengi wa mwambao wetu waliopita madrasa wanalifahamu jambo hili, lakini ni nadra kuambiwa kwamba maarifa hayo yanawafaa pia wanapofungua Google.

Kwa wale wasiotoka katika mapokeo hayo, fasihi simulizi inatoa somo lile lile. Jan Vansina, aliyefanya utafiti wake katika Kongo na Rwanda, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1961 kwamba masimulizi ya mdomo yanaweza kuwa ushahidi wa historia iwapo tutaufuata mnyororo wa upokezanaji na kuuliza kila msimulizi alikuwa na maslahi gani. Tunawafundisha wanafunzi wetu wa fasihi simulizi kuandika jina la fanani, mahali na siku. Ni ajabu kwamba mwanafunzi yule yule akienda mtandaoni huandika chini ya insha yake: "Chanzo: Google." Google si fanani. Ni mtu aliyekuonyesha njia ya kwenda kwa fanani.

5.0 Darasani

Najua pingamizi litakalotolewa na walimu. Shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, madarasa yamejaa, na kompyuta ni chache. Kijana hutafuta habari wakati wa likizo, kwa simu ya dada yake au katika mkahawa wa intaneti, na mwalimu huona matokeo tu. Hayo ni kweli. Lakini ninachokipendekeza kinaweza kufanyika katika kipindi kimoja cha dakika 40, kwa ubao na chaki.

Mwalimu aandike ubaoni: "Inakadiriwa kuwa Kiswahili kina wazungumzaji zaidi ya milioni 200." Wanafunzi waulize: na nani? Mwalimu, aliyekwisha kutafuta nyumbani, atoe jibu: tarakimu hiyo inapatikana katika maelezo ya UNESCO, shirika ambalo Mkutano wake Mkuu uliamua tarehe 23 Novemba 2021 kuwa kila tarehe 7 Julai iwe Siku ya Kiswahili Duniani. Kisha swali la pili: wamehesabiwa akina nani? Hapo darasa litagundua kwamba neno "mzungumzaji" linaweza kumkusanya mama wa Pemba ambaye hana lugha nyingine, mfanyabiashara wa Bujumbura anayekitumia sokoni, na kijana wa Kampala anayekielewa nusunusu. Anayehesabu wa kwanza peke yake atapata tarakimu ndogo sana. Anayewahesabu wote atapata kubwa sana. Kurasa zinazotofautiana, basi, si lazima ziwe zinapingana. Huenda zinahesabu vitu viwili tofauti.

Hatua ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Kila mwanafunzi aiandike upya sentensi ile, akimrudisha mtenda mahali pake: "UNESCO, katika maelezo yake kuhusu Siku ya Kiswahili Duniani, inataja wazungumzaji zaidi ya milioni 200, wakiwamo wanaokitumia kama lugha ya pili." Ni sentensi ndefu kidogo, lakini ni ya mtu anayejua anachokisema. Napendekeza kazi za nyumbani zitolewe alama kwa sentensi za namna hiyo. Mwanafunzi hujifunza kinachotahiniwa. Tukiendelea kutoa alama kwa tarakimu peke yake, tutaendelea kupata tarakimu peke yake.

6.0 Tahadhari mbili

Tahadhari ya kwanza inahusu kipimo chenyewe. Kumfundisha kijana kushuku bila kumfundisha kuamini ni kumharibu. Akishaambiwa kwamba kila tovuti inaweza kudanganya, huenda akaamua kwamba zote ni sawa, na kwamba basi anaweza kuchukua inayompendeza. Uvivu huo huvaa joho la hekima. Lengo letu ni kumfikisha mahali anapoweza kusema kwa yakini: jambo hili naliamini, kwa sababu hii na hii. Lugha yetu ina ngazi nzima ya maneno kwa ajili hiyo: uvumi, tetesi, dhana, yamkini, ithibati, yakini. Kijana anayeweza kuweka kila habari kwenye ngazi yake hahitaji kuogopa mtandao.

Kwa sababu hiyo siungi mkono wanaowakataza wanafunzi kabisa kutumia Wikipedia. Kila makala ya Wikipedia huhifadhi historia ya mabadiliko yake, na makala nzuri hutaja vyanzo. Mwanafunzi asiinukuu kama hakimu. Aitumie kama mlango, ashuke hadi kwenye vyanzo vilivyotajwa, na akaviulize.

Tahadhari ya pili inahusu programu za akili mnemba, au akili unde kama wanavyosema wengine, ambazo zimeenea tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma mwezi Novemba 2022. Programu hizi hutunga matini kwa kukisia neno linaloelekea kufuata jingine. Huandika Kiswahili chenye mtiririko mzuri, na zinaweza kutaja kitabu ambacho hakijapata kuandikwa, pamoja na jina la mwandishi na mwaka. Hapa vipimo vya sura vimekufa kabisa, kwani sura ndiyo kitu zinachokitengeneza kwa ustadi zaidi. Lakini swali "na nani?" bado liko hai. Kitabu kilichotajwa kitafutwe maktabani au katika orodha ya mchapishaji. Kisipoonekana popote, kijana asikitumie.

7.0 Wajibu wetu

Nisingependa kumaliza kana kwamba mzigo wote ni wa vijana na walimu wao. Mwaka 2020 iligundulika kwamba sehemu kubwa ya Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya Uskoti iliyo jirani ya Kiingereza, iliandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Alikuwa ameanza akiwa bado mtoto, kwa nia njema, akibadilisha maneno ya Kiingereza moja moja. Maelfu ya makala yalikaa hadharani kwa miaka kadhaa, na kila aliyetaka kujua Kiskoti kinafananaje aliyasoma hayo. La kushangaza ni muda uliopita kabla wenye lugha hawajatazama na kusema.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, ina wahariri wenye bidii na haijapatwa na balaa hilo. Hata hivyo onyo linatuhusu. Kijana anayetafuta habari za Kiswahili kwa Kiswahili hukuta kile kilichoandikwa na yeyote aliyejitolea kukiandika. Na sisi tuko wapi? Makala zetu zimo katika majarida ambayo nakala zake hukaa rafuni, au nyuma ya malango ya kulipia ambayo shule ya kata haiwezi kuyafungua. Kitabu cha Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala kuhusu historia ya Kiswahili kilitoka mwaka 1977, kikaeleza mambo kwa lugha ambayo mwanafunzi wa sekondari anaielewa. Ni wangapi kati yetu tumeandika, tangu hapo, kurasa tano za namna hiyo na kuziweka mahali ambapo mtoto wa Kigoma au Lamu anaweza kuzisoma bure?

Napendekeza mambo mawili. Kila idara ya Kiswahili katika vyuo vyetu iwe na kurasa za wazi zinazoeleza mada za sekondari, zikiwa na jina la mwandishi, tarehe na vyanzo, na zikihaririwa kila mwaka. Na kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza, kama sehemu ya mafunzo yake, achukue makala moja ya mtandaoni kuhusu Kiswahili, aifuate hadi kwenye chanzo chake, na aisahihishe inapobidi. Gharama yake ni ndogo. Faida yake ni kwamba kijana atakayeuliza "na nani?" atapata jibu.

8.0 Hitimisho

Nimesema kwamba tovuti haipimwi kwa kuitazama usoni. Hupimwa kwa kutoka nje yake na kuifuata kauli hadi kwa aliyeitamka. Nimesema pia kwamba kazi hiyo si ngeni kwetu: mwanasarufi anaijua, mhariri wa miswada anaijua, mpokezi wa hadithi na mkusanyaji wa masimulizi wanaijua. Kilichobaki ni kuitoa katika vitabu vyetu na kuipeleka darasani, mbele ya kijana ambaye usiku wa leo ana insha ya kukabidhi kesho asubuhi, na amekwisha kuipata ile tarakimu 44. Iwapo atasita kidogo na kujiuliza ni asilimia 44 ya nini, somo letu litakuwa limefika.